Terblanche, yaani Dongo Jeupe: shajara ya mradi wa jina moja

Jumamosi usiku, 11 Januari

Huu mradi umeanza kwa aibu kwa hivo wacha niiandike ile aibu kwanza kabla sijaanza kujisahaulisha. Mimi ni mtembeza watalii huku Diani, Kifaransa najua cha kuniletea unga, na juzi nikatumiwa jina la mgeni wa kumpokea uwanja wa ndege Mombasa. Nikaliandika kwa herufi kubwa kwenye kibao, TERBLANCHE, nikajiambia leo Mungu kanipa Mfaransa, na nkaanza kuhesabu bakshishi ya yuro kabla ndege haijatua. Akatoka mzee wa kaptura, nikamtolea bonjour monsieur na jina lake nikalitamka kwa madaha yote niliyofundishwa darasani, "Teghblansh". Akaniangalia kama nimemuuliza deni. Kumbe mtu wa Afrika Kusini, Kifaransa hajui hata cha kuombea maji, na jina lake mwenyewe analiita "Terblans", sh ya Wafaransa imekua s kavu na mambo yameisha.

Njiani tukapita baipasi, manake siku hizi ukitoka uwanja wa ndege kwenda Diani hulazimiki tena kupigwa jua kwenye foleni ya feri Likoni. Akaona kibao, akaniuliza Dongo Kundu ndio nini? Nikamwambia udongo mwekundu, ni jina la pahali tu, walioliita waliangalia chini wakaona rangi. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema basi mimi na hapa ni ndugu, mimi ni udongo mweupe, bibi yangu aliniambia hivo nikiwa mdogo.

Nimemfikisha hotelini, nimerudi nyumbani, na hiyo sentensi haijanitoka kichwani. Nimefungua daftari. Nataka nilijue hili jina kutoka mizizi, lilitoka wapi, linamaanisha nini, na lilifikaje kule chini kabisa ya Afrika.

Jumatatu, 13 Januari

Nilimtajia ami yangu jina wakati wa chai. Ami alikua mpakuzi wa meli Kilindini miaka ya zamani, na redio ndio chuo kikuu chake. Aliweka kikombe chini. "Hilo si jina la yule kaburu aliyekua akijionyesha juu ya farasi?" Nikamwambia ami, huyu ni mzee wa watu amekuja kuona pomboo. Akasema, "Mwanangu, mimi sijasema kitu, nimeuliza tu." Lakini uso ulikua umeshasema.

Na hapo ndio nikaona shida ya hili jina. Ukiliweka kwenye kamusi vipande viwili, terre na blanche, ukatafsiri harakaharaka, unapata "ardhi nyeupe", na ukikumbuka limetoka Afrika Kusini akili yako inamalizia yenyewe, eti "nchi ya wazungu". Hata mimi usiku wa kwanza niliandika hivo kwenye daftari na nkapigia mstari, nikaona nimegundua jambo kubwa. Leo nimekata kwa kalamu nyekundu.

Sababu yenyewe ni sarufi, na sisi wa Kiswahili tunaielewa rahisi kuliko hata Waingereza kwa sababu tuna ngeli. Kwa Kifaransa terre ni jina la kike, kwa hivo cheupe kikimfuata lazima kivae nguo ya kike, kiwe blanche na sio blanc, vile vile udongo unaitisha "mweupe" na gari linaitisha "jeupe". Kwa hivo blanche hapo ni rangi ya udongo wenyewe, haizungumzii mtu yeyote. Ungetaka kusema ardhi ya wazungu ungelazimika kusema terre des Blancs, ambalo ni jengo tofauti kabisa. Tena terre ina maana nyingi kama ilivyo huku kwetu, inaweza kua dunia, nchi, shamba, ama ule udongo unaokushika kwenye kiatu mvua ikinyesha. Kwenye majina ya mashamba Ufaransa huwa ni huo wa kiatu.

Jumatano, 15 Januari

Leo nimefurahi. Kule Ufaransa, eneo la Sancerre wanakolima zabibu, wakulima wana aina tatu za udongo na kila moja ina jina lake, na moja wanaiita mpaka leo terres blanches. Ni udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na chokaa, ukikauka juani unang'aa mweupe, ndio wakaupa jina. Sio ushairi wala siasa, ni mkulima anamwambia mwenzake shamba lako liko wapi, anajibu kule kwenye udongo mweupe. Na Ufaransa imejaa vijipande vya ardhi vyenye jina hilo kusini mpaka kaskazini, kwa sababu chokaa na mawe meupe yako tele kule.

Sasa jina la pahali linakuaje jina la mtu? Hii haihitaji profesa. Kijiji kina kina Etienne watatu, mmoja anakaa darajani, mmoja msituni, mmoja kule kwenye udongo mweupe. Yule wa daraja anakua Dupont, wa msitu anakua Dubois, wa tatu anakua Terreblanche. Watoto wanarithi, kisha wanahama, udongo unabaki nyuma na jina linaendelea na safari. Mwaka 1539 mfalme François wa Kwanza akatoa amri kwamba mapadri waweke daftari la ubatizo, na ukishaandikwa daftarini basi, jina limeganda, hata mjukuu wako akienda kukaa darajani ataitwa wa udongo.

Huku kwetu jina halikugandia mtu, liligandia pahali. Hakuna anayeitwa Hamisi Dongo Kundu kwenye kitambulisho, ila mtaani wapo, na ungekuta karani mmoja tu wa zamani aliyekaza kalamu siku moja, leo tungekua na ukoo mzima.

Jumapili, 19 Januari

Nimepata mtu wa kwanza. Alieleta hili jina Afrika anaitwa Estienne Terreblanque, ametoka Toulon, mji wa bandari wa Provence, kusini kabisa mwa Ufaransa, na alifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1704.

Angalieni vile lilivoandikwa lakini. Sio -blanche, ni -blanque! Nilikaa na hiyo q karibu saa nzima, chai ikapoa. Watu wa kusini mwa Ufaransa enzi hizo nyumbani hawakua wakiongea Kifaransa cha Paris, walikua na lugha yao, Kioksitani, na Kiprovansi ni tawi lake. Na tofauti moja kubwa ya hizo lugha mbili ni hii: pale ambapo Kilatini kilikua na sauti ya "ka", Paris iligeuza ikawa "sha" na kusini wakabaki na "ka" yao. Mbuzi jike wa Paris ni chèvre, wa kusini ni cabra. Ngome ya Paris ni château, kusini castèl. Kwa hivo cheupe cha kike Paris ni blanche, na kusini ni blanca. Ukimsikia mtu wa Toulon akitaja jina lake na umezoea tahajia ya Kifaransa, unaandika blanque. Ni kama vile sikio linavosaliti mtu wa Lamu na mtu wa Unguja, neno ni moja ila herufi moja tu imeshakwambia amelelewa wapi.

Kwa hivo mimi nilipojitia kulitamka "kiFaransa sahihi" kule uwanja wa ndege, nilikua namtamkia Kiparisi mtu ambaye babu yake wa mwanzo aliandikwa kwa mdomo wa kusini. Nilikosea mara mbili kwa neno moja.

Toulon yenyewe mlima wake ni Faron, mita 584, mawe ya chokaa matupu, ukiona picha unadhani umemwagiwa unga. Sisemi jina limetoka mlimani hapo, nasema tu mtu wa Toulon hakuhitaji kueleza udongo mweupe ni nini.

Jumanne, 21 Januari

Kwa nini aliondoka? Hii ntaipita haraka kwa sababu wengi washaielezea. Waprotestanti wa Ufaransa, hao wanaoitwa Wahugenoti, walipewa ruhusa ya kuabudu na mfalme Henri wa Nne mwaka 1598, ile amri ya Nantes, kisha mjukuu wake Louis wa Kumi na Nne akaifuta Oktoba 1685. Makanisa yakavunjwa, wachungaji wakafukuzwa, waumini wakakatazwa kutoka nchini, na mwanaume akishikwa anatoroka anaweza kufungwa mnyororo kwenye makasia ya mashua za mfalme kule Marseille, ambayo ni jirani tu na Toulon. Pamoja na hayo yote watu wapatao laki mbili walitoka. Wengi walienda Uholanzi, Uingereza na Ujerumani.

Wachache sana wakaja Afrika. Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki ilikua na kituo cha maji na mboga pale Cape, yaani hiyo Rasi ya Tumaini Jema, tangu 1652 na ilitaka wakulima, hasa wanaojua zabibu, ikawapa nafasi kwenye meli. Kundi kubwa lilifika 1688 na 1689, hawakufika hata mia mbili. Estienne wetu alikuja miaka 15 baadaye, wenzake washapanda mizabibu na washaanza kugombana mipaka.

Ijumaa, 24 Januari

Leo ndio siku niliyojifunza mengi na mgeni niliyekua nimpeleke Shimba Hills ameahirisha, alhamdulillah.

Gavana wa Cape, Simon van der Stel, hakutaka Wafaransa wakae kijiji kimoja. Akawachanganya na Waholanzi, shamba la huyu katikati ya mashamba ya wale, kule Stellenbosch, Drakenstein na bonde ambalo likaja kuitwa Franschhoek, maana yake kona ya Wafaransa. Mchungaji wao Pierre Simond alipigana wapate kanisa lao, lakini baada ya 1701 serikali ya Kampuni ikaweka wazi kwamba Kifaransa hakina muda mrefu, watoto wasome Kiholanzi. Mtaalamu wa nyota wa Kifaransa, de Lacaille, alipofika pale 1751 akakuta lugha yake iko kwa wazee tu. Miaka sitini na kitu, lugha imeisha! Yaani babu anasali kwa lugha ambayo mjukuu haisikii.

Majina yakabaki, lakini yamebaki mikononi mwa makarani wanaosikia Kiholanzi. Na hapa nilicheka peke yangu chumbani. Villion akawa Viljoen. Cronier akawa Cronjé. Mesnard akawa Minnaar, Jourdan akawa Jordaan, Cellier akawa Cilliers, Sénéchal akawa Senekal, na Pinard akawa Pienaar, huyo huyo Pienaar aliyepokea kombe la raga kwa mkono wa Mandela mwaka 1995. Le Clercq akageuzwa mpaka maana, Waholanzi waliona "le" wakaweka "de" yao, akawa De Klerk, ambalo kwa Kiswahili ni Karani tu. Rais wa mwisho wa ubaguzi aliitwa Bwana Karani na hakuna aliyetuambia!

Terreblanque naye akapigwa msasa. Kuna Terreblanche, kuna Terblanche, kuna Terblans ambayo imekubali matokeo kabisa na kuandika vile inavyosikika. Ile "re" ya katikati ilidondoka kwa sababu hakuna aliyekua akiitamka.

Nilimsomea ami hii orodha na akanipiga kibao. Akasema, "Na sisi tuliwafanyia nini? Walijiita Boer, sisi tukawaita kaburu." Sikua nimelifikiria hilo hata mara moja. Boer kwa Kiholanzi ni mkulima basi, hata tusi si tusi, na mdomo wa Kiswahili ukalipokea neno ukaliongeza ka mbele na u nyuma, na baadae miaka ya redio za ukombozi likabeba uzito ambao mkulima wa Kiholanzi hakuuweka. Kila mdomo una msasa wake.

Jumatatu, 27 Januari

Nimeingia kwenye faili za zamani za Cape, nyingi zimenakiliwa na kuwekwa kwenye intaneti, na usiku mzima umeniishia huko. Mtu akifa Cape enzi hizo akaacha watoto wadogo, ofisi inayoitwa Chumba cha Mayatima ilituma watu nyumbani waandike kila kitu. Sufuria, godoro, kasha la mbao, ng'ombe wangapi, mapipa ya mvinyo mangapi. Kwa mtafuta majina hii ni dhahabu, kwa sababu mke anatajwa na watoto wanatajwa kwa umri.

Wataalamu wao wa koo wana utaratibu mzuri nimeuiba kwa daftari langu. Ulianzishwa na bwana mmoja C. C. de Villiers karne ya 19, naye pia mjukuu wa Mhugenoti ukiangalia jina, na Cor Pama akauendeleza. Babu wa kwanza aliyefika Afrika ni a. Watoto wake ni b1, b2, b3. Wajukuu c1, c2, na kuendelea. Kwa hivo mtu anaweza kuandikwa b2c5d1 na ukajua yeye ni kifungua mimba wa mtoto wa tano wa mtoto wa pili wa aliyeshuka melini. Estienne wetu ni a. Nimejaribu kuuandika ukoo wa mama yangu wa Gazi kwa njia hii, nimefika kwa wake watatu wa babu nikaishiwa na alfabeti, kesho ntajaribu tena.

Lakini kwenye faili hizo hizo, baada ya ng'ombe au kabla ya ng'ombe, wanaandikwa watu. Watumwa. Na wao wana majina pia, ila sio ya kwao. Anaandikwa fulani van Bengalen, fulani van Madagascar, fulani van Mosambique, yaani wa Msumbiji, pwani yetu hii hii ukishuka nayo. Wengine walipewa jina la mwezi, Januarie, Februarie, September, na leo ukifungua orodha ya timu za Cape Town utawakuta kina September na Februarie, ni majina ya ukoo kamili. Nilipofika hapo nilifunga simu nikatoka nje kidogo.

Manake Estienne aliacha kwao lakini rangi ya udongo wa kwao aliitoa ikiwa salama ndani ya jina, ikabadilishwa q kwa ch tu. Jirani yake wa shambani, aliyelima ule ule mzabibu, alishushwa melini akapewa jina la kalenda.

Alhamisi, 30 Januari

Watu wa jina. Nilitaka kuwaweka mwisho kwa sababu wao ndio hufunika jina lenyewe.

Kaburu wa farasi wa ami yangu ni Eugène Terre'Blanche, alizaliwa Ventersdorp 1941, mwaka 1973 akaanzisha AWB, kile chama cha wazungu wenye bendera inayofanana na ya Hitler na hotuba za kutisha. Watu wake ndio waliovunja na gari la deraya kioo cha jengo la Kempton Park Juni 1993 wakati mazungumzo ya katiba yanaendelea ndani. Aliuawa shambani kwake tarehe 3 Aprili 2010. Jina lake aliandika na kialama cha juu katikati, Terre'Blanche. Nimekaa na hicho kialama pia (mimi nikianza sina pa kuishia). Kwa Kifaransa kile kialama kinawekwa pale ambapo irabu imekatwa, kama l'eau badala ya la eau. Hapo kwenye jina lake hakuna kilichokatwa, terre iko nzima. Ni kipambo. Kinalipasua jina mara mbili ili msikilizaji alisikie kama bango, NCHI, NYEUPE, na jina la mkulima wa udongo linageuka hotuba.

Sasa mkae hapo hapo. Kuna Sampie Terreblanche, 1933 mpaka 2018, profesa wa uchumi Stellenbosch. Huyu alikua ndani kabisa ya chungu cha Makaburu, kisha akatoka, akashiriki mazungumzo ya siri kule Uingereza na ANC, kina Thabo Mbeki, na mwaka 1997 akasimama mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano akawaambia matajiri walionufaika na ubaguzi walipe kodi maalum ya utajiri. Hawakulipa. Lakini alisema, akiwa na jina lile lile, bila kialama.

Na kuna Stefan Terblanche, winga wa Springboks, timu ya taifa ya raga ya Afrika Kusini, mechi yake ya kwanza 1998 dhidi ya Ireland akafunga trai nne. Kwa wapenzi wa raga wa Kenya hili jina ni huyu, na wala hawajui habari za farasi.

Nilimwambia ami kuhusu profesa. Alinyamaza kidogo akasema, "Basi huyo wa kodi ningemkaribisha chai." Kwa ami hiyo ni nishani.

Jumamosi, 1 Februari

Nilimuandikia mgeni wangu ujumbe mfupi, nikamwambia bibi yako alikua sawa, ni udongo na sio nchi, na umuulize mtu wa Toulon kuhusu ile q. Amejibu kwa picha ya mkono wake umeshika donge la tope na kicheko. Nimeridhika.

Kilichobaki ni picha ya kuweka juu ya daftari. Leo asubuhi nikashuka Dongo Kundu na boda, nikitaka ule wekundu wenyewe, kwa sababu barabara mpya imefunika lami kila pahali na ukipita kwa gari unaona kijivu tu. Nikamwambia kijana anishushe pale kingo za mlima zilipokatwa na matingatinga, hapo udongo umeachwa wazi, mwekundu kama pilipili iliyosagwa. Nikachuchumaa nikaanza kupiga picha, ya karibu, ya mbali, nikaweka kiatu changu kando kwa kipimo.

Kijana wa boda akasubiri, akasubiri, mwishowe akazima pikipiki akaja akasimama juu yangu.

"Bro, mbona unapiga udongo picha?"

Nikamwambia natafuta rangi yake.

Akatazama ule ukingo juu mpaka chini, akatazama simu yangu, akashusha sauti.

"Hii ploti ni yako, ama unanunua?"